Kona ya Matanga

Mosoti si mwoga. Ameendesha lori la majani chai kwenye utelezi wa Bureti miaka yote hii, na mvua ya huku si ya mchezo. Lakini asubuhi hii, nje ya mahakama, ameshakwenda chooni mara tatu mpaka anaona haya.

Shitaka ni kuendesha gari bila uangalifu. Joab, mwenye pikapu, aligongana na lori la Mosoti kwenye kona, karibu na kituo cha kupimia majani, akavunjika mguu. Ukungu ulikuwa mzito. Joab amewaambia polisi kwamba hakusikia honi, na pale kila dereva wa majani hupiga honi, kuonya magari na kuwaita wakulima walete magunia.

Joab hakusema uongo. Siku hiyo, kwenye boma lililo juu ya kona, mume wa mama mmoja mkulima, Chepchirchir, alikuwa hajazikwa. Nani mwenye akili apige honi penye matanga? Mosoti alipunguza mwendo, akavua kofia, akapita kimya. Sasa ona heshima ilipomfikisha.

"Sema si kweli," Ongeri, utingo wake, anamnong'oneza. "Sema ulipiga honi. Mimi naapa nilisikia. Joab ako peke yake."

"Na nikikubali?"

"Leseni imeenda, ndugu yangu. Kazi pia, na nyumba ya kampuni. Hata jela unaweza ingia. Bibi yako na watoto watalala wapi?"

Jela Mosoti anaiogopa kuliko kifo. Basi, ameamua: si kweli. Anayarudia maneno hayo moyoni kama mtoto aliyetumwa dukani.

Ndipo Chepchirchir anapotokea, kitambaa cheusi kichwani, viatu vimejaa matope.

"Chamgei, kijana yangu," anamsalimu, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimesikia wamekushtaki. Nimekuja kukusaidia."

"Kunisaidia namna gani, mama?"

"Nitaambia jaji wewe ni mtu ya heshima. Lori zingine zilitupigia kelele na mzee amelala ndani. Wewe ulipita kimya, hukupiga honi hata kidogo. Watoto yangu wote wanajua."

Ongeri anashika kichwa. Mosoti anataka kumwambia arudi nyumbani. Lakini utamfukuzaje mjane aliyeacha matanga yake akaja kukutetea? Na Mosoti akisema alipiga honi, mama huyu atakuwa ameketi pale pale, akisikia heshima ya mzee wake ikikanwa.

Jina lake linaitwa. Karani anasoma shitaka. Jasho linamtiririka Mosoti mgongoni, na baridi yote hii ya Kericho.

"Ni kweli au si kweli?"

Anawafikiria watoto. Anafikiria mlango wa jela.

"Ni kweli," anasema.

Nyuma yake benchi linalia. Chepchirchir amesimama, amenyoosha mkono juu, tayari kumtetea.