Mkakao wa Ipagala

Kakao haipandwi Dodoma. Hilo hata mtoto wa chekechea atakwambia. Ni mti wa kunakonyesha, kama Kyela, ambako ukisahau mwiko nje unaweza kuukuta umeota uyoga. Dodoma ni upepo na vumbi, na ikifika Juni baridi ya asubuhi inakufanya uichukie ndoo ya kuogea. Lakini Mzee Ernest alishuka kwenye basi la kutoka Kyela akiwa na tunda la kakao kwenye mfuko wa koti. Binti yake Hilda alikuwa amemleta kwake Ipagala baada ya mama kuzikwa, na baada ya mzee mwenyewe kuanguka shambani akalala chini nusu siku bila mtu kujua. Mzee akalipasua tunda, akafukia punje kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Ikaota moja.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Hilda. "Mimi na mti huu tumetoka kwetu pamoja. Ukipita kipupwe hiki, nami nakaa. Ukifa, unanirudisha nyumbani. Tumepatana?"

Hilda akacheka, akakubali. Mtumishi wa wizara, anayechambua madokezo ya watu kutwa nzima, akakubali mkataba wa namna ile! Kweli akili ni nywele. Baadaye alipokaa akafikiri, akaona alivyojifunga. Baba ana miaka sabini na sita, na kule jirani wa karibu hasikii hata ukipiga kelele.

Basi mti ule ukatunzwa kuliko mheshimiwa. Hilda aliuweka sebuleni, akauzungushia nailoni upepo usiuone, akaweka beseni la maji kando ili hewa isikauke. Ndoo aliivalisha kitenge. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mtumba aliupulizia majani kwa chupa. Maji ya bomba la uani alipiga marufuku yasiukaribie, maana yanatoka kisimani na yana chumvi, hata chai ukipikia inakosa adabu. Alinunua maji matamu, akamwonyesha baba yake: dumu la bluu ni la mti. Wenzake ofisini walimuuliza amejifungua lini. Mwache acheke anayecheka.

Na mti ukaitika. Juni yote ulisimama, ukatoa majani mapya, mekundu, laini, yaliyoning'inia kama masikio ya mbuzi. Hilda alifurahi mpaka akanunua samaki wa Mtera wa kusherehekea. Mzee Ernest aliyatazama yale majani kwa muda mrefu. "Umejitahidi, mwanangu," akasema, kisha akatoka kwenda kuota jua.

Katikati ya Julai ncha za majani zikaanza kuungua. Wiki iliyofuata yakadondoka manne. Jumamosi Hilda akamwita jirani yake Yudith, Mgogo wa hapohapo, mwenye bustani ya mchicha. Yudith hakuhangaika na majani. Aliinama, akakwangua kwa ukucha utando mweupe uliokuwa juu ya udongo, akauonja, akatema.

"Huu unanyweshwa maji ya bomba," akasema.

"Haiwezekani. Mimi naunywesha ya dumu."

"Basi kuna mwingine anayeunywesha," akasema Yudith, na papo hapo akaaga. Jirani mwenye busara anajua wakati wa kuondoka.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Hilda alimkuta baba yake kando ya ukuta, kwenye kigoda, anaota jua. "Baba, ni wewe?"

Mzee hakukana. "Ni mimi. Miaka arobaini nimelea kakao, na huu nauua kwa mkono wangu. Usidhani napata usingizi."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekwambiaje? Umenijengea chumba. Umeninunulia blanketi mbili. Unaniamkia kila asubuhi kwa heshima. Mtoto kama huyo unamwambiaje kwamba hutaki kukaa kwake? Nikaona bora mti useme kwa niaba yangu. Mama yako yuko kule, Hilda. Nikiamka huku namtafuta, halafu nakumbuka kwamba hata kaburi lake silioni."

Hilda akalia, tena kwa uchungu. Mti ulikuwa bado na majani mawili. Angeuosha chumvi, angeufungia chumbani kwake, Agosti ingekwisha, na baba yake, mtu wa neno lake, angekaa. Aliliona hilo wazi kabisa. Akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Jumatatu naomba likizo," akasema. "Nakupeleka mwenyewe, na siondoki mpaka nimepata mtu wa kukaa nawe. Hilo hulikatai."

"Silikatai."

"Na mti unabaki kwangu."

Mzee Ernest akainuka upesi, yeye ambaye kuinuka kulikuwa kazi. "Basi lete dumu."

Wakaitoa ndoo uani. Akamimina maji matamu polepole mpaka yakachuruzika kwa chini, akayakinga kwa kiganja, akaonja, akamwonjesha na binti yake.

"Bado yana chumvi?"

"Bado, Baba."

Akamimina tena. "Ukinyauka, nipigie simu nikuelekeze," akasema, macho yakiwa kwenye maji. "Usiponyauka, nipigie vilevile."