Kioo Kilichotazama Paa

Job Nabiswa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na utaratibu ndio uliomponza. Lori lilipoigonga teksi yake kwenye Outer Ring Road, alipokuwa akikata kushoto kuingia Umoja, wenzake wangeshuka kutukanana na dereva. Yeye alimtoa kwanza mama mkwe wake, akamketisha kwa muuza viatu kando ya barabara, kisha akatoa simu na kuanza kupiga picha. Alipiga picha ya namba ya lori, taa zilizovunjika na alama za magurudumu kwenye lami. Akapiga na ndani ya gari, viti na dashibodi, asije akaambiwa ameficha kitu.

Bima yake ilikuwa ile ndogo, inayomlipa mtu uliyemgonga na kukuacha wewe ujitengenezee. Kwa hiyo gari, ambalo ndilo lililokuwa kazi yake, lingetengenezwa na kampuni ya bima ya lori, tena iwapo tu ingethibitika kwamba dereva wa lori ndiye mwenye makosa. Dereva huyo naye alishikilia kwamba Job alimkatia njia bila kuangalia.

Basi Job akaanza kukusanya karatasi. Alikwenda polisi kuchukua abstrakti, hati ya kuthibitisha ajali, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa mwenye muhuri ametoka. Alikwenda kwa fundi kuandikiwa makadirio, na hospitali ambako daktari alijaza fomu ya P3 kuhusu mkono wa mama mkwe, uliovunjika karibu na kiganja. Kila karatasi aliitolea nakala, akaitia kwenye bahasha ya plastiki. Mkewe Kavinya, aliyekuwa amejifungua karibuni, alimwambia kwamba hata cheti chao cha ndoa hakijawahi kutunzwa hivyo.

Kisha akaja Kabiru, mpelelezi wa ile kampuni. Alizipitia picha polepole, akasimama kwenye ile ya ndani ya gari.

"Bosi, hii kioo ya katikati mbona inaangalia juu?"

Akili nyingi huondoa maarifa. Job aliitazama picha aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe. Kioo cha kumwonyesha dereva yaliyo nyuma kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama paa. Alijibu kwamba kiligeuka kwa kishindo cha ajali. Kabiru aliandika, akasema atarudi kumwuliza abiria.

Ukweli ulikuwa mwepesi, ila haukusemeka mbele ya mgeni. Siku ile Job alikuwa amekwenda Machakos Country Bus, kituo cha mabasi cha mjini, kumchukua mama mkwe, Nthambi, aje kumwona mjukuu. Kwao Job, Bungoma, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwao Nthambi, Kitui, ni vivyo hivyo. Tangu Job amwoe Kavinya, Nthambi alimsalimu akiwa nyuma ya pazia, au ameshusha kitambaa chake hadi kwenye nyusi. Mchungaji alishawaambia kwamba hayo ni ya kale, nao waliitikia amina na kuendelea nayo. Sasa mama akiwa kiti cha nyuma, kile kioo kingewakutanisha macho kwa macho kutoka mjini hadi Umoja. Job alikigeuza kabla hajamfungulia mlango. Njiani alitumia vioo vya pembeni.

Utamwelezaje haya mtu wa bima? Ataandika kwamba dereva alijifunga kitambaa machoni kwa hiari yake. Job aliona aibu, na kupita aibu aliogopa, maana uongo ulikwisha kuandikwa na mama mkwe angeulizwa. Kumwomba aseme vile vile hakuweza. Hata salamu ya asubuhi alimpelekea kupitia watu. Akamwomba Kavinya amwambie.

Kavinya aliendelea kumnyonyesha mtoto kwanza. "Baba Lorine," alisema, "mama yangu hajui kudanganya hata daktari. Ukitaka afunzwe uzeeni, enda umfunze mwenyewe."

Huko Kitui mashemeji walikuwa wameshaanza kupiga simu, wakiuliza ni dereva gani huyo anayempakia mama yao halafu haangalii njia. Job alijua kwamba asipoaminiwa atakosa gari, na kwa wakwe atabaki kuwa yule aliyemvunja mama mkono.

Kabiru alirudi Jumamosi. Nthambi aliketi sebuleni, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine umempakata mtoto. Job alijibanza jikoni nyuma ya pazia, akijisingizia kuosha vikombe.

Kuhusu kioo, Nthambi hakusita. Alisema mkwe wake alikigeuza mwenyewe, kwa heshima, na kwamba angemshangaa kama asingekigeuza. Job alishika ukingo wa sinki. Yamekwisha, alijiambia.

"Kwa hivyo hakuwa anaona nyuma, shosho," Kabiru alisema.

"Alikuwa anaona. Aliangalia kioo cha kando, akaangalia tena, akageuza shingo. Lori lilikuwa mbali. Lilikuja mbio tukiwa tumeshaanza kukata."

"Na wewe ulijuaje ameangalia?"

Job alifunga mfereji ili asikie.

"Nilikuwa namtazama," Nthambi alisema kwa sauti ya chini. "Tangu mjini. Binti yangu anampikia huyu mtu miaka yote hii, na mimi uso wake siujui. Nilipoona kioo kimegeuzwa, nikajua hataniona. Nikamtazama mpaka lori likatugonga."

Kabiru aliandika. Akaitafuta picha ya alama ndefu za breki za lori, akailinganisha na maneno ya Nthambi, akasema yanakubaliana; ataripoti kwamba kosa ni la lori. Ila Job aje kwanza asahihishe ule uongo wake wa kioo.

Job alitoka jikoni akitazama sakafu. Nthambi alitaka kushusha kitambaa, lakini mkono wake mzima ulikuwa na mtoto. Job alitia sahihi pale alipoonyeshwa, akarudisha kalamu. Kisha akavua kofia, akasimama upande wa dirisha kwenye mwanga, uso wazi, macho chini, na hakuharakisha kuondoka.