Mlima Uliolala kwa Ajili ya Netiboli

Mkutano wa kijiji ulipofika kwenye mengineyo, Mwanaheri alisimama, akaweka sawa mtandio wake, akaomba wanawake wapewe uwanja wa mpira jioni moja kwa wiki wachezee netiboli. Daktari wa Lushoto alikuwa amempima presha, akakunja uso, akamwambia afanye mazoezi. Mama yake mzazi alianguka njiani kwenda gulioni, tenga la karoti kichwani, wala hakuinuka tena. Mwanaheri hakutaka kuondoka duniani kwa njia hiyo.

Alen, katibu wa timu ya vijana, alimjibu kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mama Hawa."

"Marahaba."

"Nyinyi mnalima, mnabeba, mnapanda, mnashuka. Mazoezi gani tena mnayataka?"

Wanaume wakacheka, na baadhi ya wanawake pia, maana ndivyo walivyozoea kuambiwa. Mwanaheri mwenyewe alishamuuliza daktari swali hilohilo. Daktari akamwambia mzigo unachosha tu. Atafute kitu cha kumtoa jasho huku anacheka.

Uwanja ule ndio mahali pekee tambarare kijijini. Ulichongwa ubavuni mwa mlima kwa msaragambo, kila kaya ikitoa watu wake: wanaume wakachimba, wanawake wakabeba udongo kwa makarai mpaka shingo zikaingia mabegani. Siku ya ufunguzi wanawake wakapika pilau. Tangu hapo hawakuwa na shughuli tena na uwanja huo.

Basi Mwanaheri akaazima mpira kwa Mwalimu Esteria, akachimbia nguzo mbili shambani kwake, pale alipokuwa ametoka kuvuna kabichi, na juu yake akafunga ndoo zilizotolewa kitako. Wakaja Dorkasi wa kwaya ya Kilutheri, Zakia mke wa ustadhi, na Bibi Jenoveva na mkongojo wake, na wengine wachache. Pasi ya kwanza ikaponyoka, mpira ukaporomoka mpaka kwa Mzee Nikodemo, chini kabisa karibu na mto. Jioni nzima ikaishia kuufuata mpira. Walirudi nyumbani wamechoka kama waliotoka kubeba mbolea.

Alhamisi iliyofuata, Zakia aliporusha mpira, mlima ulilala. Ulijishusha taratibu, kama ng'ombe anavyokunja magoti zizini, mpaka shamba la Mwanaheri likawa sawasawa. Nyumba ya jirani yake Sharifu, iliyokuwa huko juu, ikashuka nao, na birika lake la chai halikumwagika hata tone.

"Onga mshi," Bibi Jenoveva aliusalimia mlima kwa Kishambaa, maana ilikuwa bado mchana. Kisha akaweka mkongojo kando, akashika nafasi ya kulinda goli.

Walicheza mpaka adhana ya magharibi. Mlima ukainuka, nao wakaenda kupika.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Aliyelalamika ni Mzee Nikodemo peke yake, kwa sababu mlima ukilala maji ya mfereji husimama na vitunguu vyake hukosa kunywa. Wakakubaliana awe anamwagilia Jumatano. Wachezaji wakaongezeka, wenye mitandio na wenye vilemba, wengine wakitoka hadi Kifungilo. Mama mkwe alimkaba mkamwana wake waziwazi, wakasukumana, na mechi ilipoisha heshima ikarudi mahali pake. Presha ya Mwanaheri ikashuka. Alikuwa na furaha, furaha ya kijinga kabisa, ya kujichekea mwenyewe huku akipalilia karoti.

Ndipo Alen akaja, ametumwa na kamati ya uwanja. Alisimama pembeni, akaukanyagakanyaga mlima uliolala kama mtu anayepima ugumu wa udongo, akaridhika.

"Shikamoo, Mama Hawa. Kamati imefurahi sana. Maadamu sasa mna uwanja wenu, lile ombi tumelifunga."

"Marahaba, Alen. Udongo wa ule uwanja tuliubeba sisi."

"Na tunawashukuru, mama. Kila mkutano tunawashukuru."

"Mlima huu unalala kwa hiari yake. Siku ukichoka je?"

Alen akafikiri kidogo. "Siku hiyo mtaleta ombi jipya."

Hasira zikampanda Mwanaheri mpaka masikio yakamwaka. Mpira alikuwa nao mkononi, na uso wa Alen ulikuwa karibu. Lakini Dorkasi alikuwa anaomba pasi kwa sauti ya kwaya. Akampa Dorkasi pasi.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bonde, upande wa Vuga, mlima mwingine ukashusha bega, ukalala. Wanawake wa kule wakaonekana wamesimama katikati ya shamba lililonyooka, mikono mitupu.

"Mpo wangapi?" Mwanaheri alipaza sauti.

"Tupo wengi! Hatuna mpira!"

Akavua khanga ya juu, akaufunga mpira mgongoni kama mtoto mchanga, akaanza kuteremka. Wenzake wakamfuata, hata Bibi Jenoveva. Njia ya mkato inapita kwenye uwanja wa kijiji. Ulikuwa mtupu, nyasi zimefyekwa vizuri, na mbuzi wawili wamejilaza golini. Alen, aliyekuwa anakuja nyuma yao, aliwaomba kwa upole wazungukie pembeni, wasije wakaharibu nyasi.

Wakazungukia pembeni, wakikazana, maana kule ng'ambo wenzao walishaanza kupiga makofi.