Mgeni Hajafika

Mkaguzi wa elimu alikuwa mjuaji wa kupindukia. Mwalimu wa shule ya mlimani alimwandikia waziwazi: pitia darajani, watoto watakupokea. Yeye akaona darajani ni kuzunguka bure, akakata kwa njia ya mbuzi. Alifika juu anahema, sketi imejaa miiba, lakini amefika mapema, na hilo lilimfurahisha mno.

Darasani alikuta madawati matupu na mwalimu peke yake. Ubaoni maneno yalikuwa kwa lugha mbili, ya wenyeji wa mlimani na Kiswahili.

“Watoto wako wapi?”

“Wamekwenda kukupokea, mama. Wote.”

Mkaguzi akaguna. Visingizio vya namna hiyo alishavisikia shule kibao. Agizo lilikuwa moja tu: wasipotimia thelathini leo, mbele ya macho yake, shule inafungwa, na watoto wawe wanashuka bondeni kusoma, mwendo wa saa tatu kwenda tu. Mwalimu alilijua hilo, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka. Akaishika kengele, akaigonga kama ana ugomvi nayo.

Haooo! Wakaja mbio, matope hadi magotini, wakibishana nani kamkosesha mgeni njia. Mkaguzi akahesabu. Ishirini na tisa. Akarudia. Ishirini na tisa, jamani!

“Mdogo wangu kabaki darajani,” akasema msichana mmoja. “Tumemwita, hataki. Anasema kaambiwa ampokee mgeni, na mgeni hajafika.”

Mwalimu akaketi. Mkaguzi akaitazama fomu, kisha miiba kwenye sketi yake. Lo, ujuaji huu! Aibu ikamshika kwelikweli.

“Nionyesheni njia ya darajani,” akasema.

Akashuka, fomu mkononi, mkoba begani. Kwenye daraja la mbao alisimama binti wa miaka sita hivi, sare imemzidi kimo, mkononi ua limeshanyauka.

“Shikamoo. Wewe ndiye mgeni?”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi. Nimechelewa, nisamehe.”

“Umechelewa sana!” Binti akampa ua, akampokonya mkoba, akajitwika kichwani. “Haya twende, wenzangu wanakungoja.”

Mkaguzi akamfuata nyuma nyuma, mpole kama si yeye. Thelathini yake aliiandika hukohuko njiani, anatembea, kwa mwandiko wa ovyo kabisa.