Oksijeni Niliyoimimina Mimi

Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kumfungia shangazi yangu kilabu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, kila mtu analijua, na sipendi kusemewa.

Shangazi Ayinpoka anapika pito, pombe yetu ya mtama, kando ya kijito, yeye na wanawake wenzake sita. Kijito kilipoanza kunuka na samaki kuelea tumbo juu, watu wakasema ni machicha ya wapika pombe. Bwana Awuni, afisa afya, akaja maabara ninakofanya kazi kunipa agizo: nipime oksijeni iliyomo majini, juu ya kilabu yanakotoka maji, na chini yake yanakoelekea. Nikapima. Juu, miligramu tano kwa lita. Chini, sifuri. Nikatia sahihi, tena nikajisifu moyoni kwamba Lamisi si mtu wa kupendelea ndugu.

Ijumaa asubuhi, siku ya kufungwa kilabu, nilikwenda kumwona Shangazi, aliyenisomesha kwa pombe hiyohiyo. Nilijiandaa kwa matusi. Akanionyesha benchi, akachota pito, akainua kata hadi usawa wa bega na kuimimina kwenye kibuyu changu. Povu likapanda hadi ukingoni.

"Kunywa," akasema. "Ndiyo ya mwisho. Usije ukasema nilikunyima."

Nililitazama lile povu. Pito hapa humiminwa kutoka juu. Ukiimimina chini chini, mteja anakuuliza umefiwa na nani. Mimi nilianza kumimina hivyo nikiwa na miaka sita. Na siku ile ya kupima, pale juu ya kilabu ambapo maji hayapiti kifundo cha mguu, niliona uvivu kupiga magoti. Nilichota kwa kibuyu nikaijaza chupa kutoka usawa wa bega. Maji yaliingia yakifanya povu, yamebeba hewa tele. Chini ya kilabu kuna kina, huko niliizamisha chupa taratibu kama nilivyofundishwa. Zile miligramu tano hazikuwa za kijito. Nilizitia mimi kwa mkono wangu.

Niliweka kibuyu chini bila kuonja, nikatimua mbio hadi maabara. Nilirudi na sanduku la chupa na dawa zangu mbili za kupimia, jasho linanitiririka, na nilikuwa na furaha ya kijinga kwa mtu aliyegundua kosa lake mwenyewe. Awuni alikuwa ameshafika, kufuli mkononi, na watu wamejaa. Nikamwomba robo saa tu.

"Lamisi, ripoti ni yako, sahihi ni yako," akasema.

"Ndiyo maana nakuomba, mzee. Nilikosea mimi."

"Juzi hakimu, leo wakili," akasema Asibi, mpishi mwenzake Shangazi mwenye ulimi mkali. "Kesho atakuja na pingu." Watu wakacheka, na nilistahili.

Awuni akatazama saa yake, akanikubalia. Niliwaeleza wote wasikie: nikitia dawa hizi, chupani yatatokea mashapo. Maji yenye oksijeni, mashapo yanageuka kahawia. Maji yasiyo nayo, yanabaki meupe. Kisha nikapanda na kijito hadi pale pa juu ya kilabu, nikapiga magoti matopeni na sketi yangu ya kazini, nikalaza chupa ubavu ndani ya maji yajiingilie polepole. Nikaigonga kwa kidole, hakukuwa na hata kiputo. Nikatia dawa ya kwanza, ya pili, nikaziba, nikaipindua juu chini mara kadhaa.

Mashapo yakatua meupe kama uji wa mahindi.

Awuni aliitwaa chupa akaiinua juani, akaniuliza kama dawa zangu hazijaharibika. Swali zuri. Nikamwambia anifuate. Tulikifuata kijito kwenda juu, umati nyuma yetu, hadi mtaro wa machinjio unapoingia, maji mekundu yanatambaa na nzi juu yake. Nikaupita mtaro, hatua ishirini juu zaidi, nikapiga magoti tena, dawa zilezile. Safari hii chupa ikawa kahawia mbele ya macho yao, kahawia iliyokolea, na nusura niibusu. Basi kijito kilikuwa kinafika kwa Shangazi kimeshakufa.

Awuni alitia kufuli mfukoni, akaomba zile chupa mbili, akaelekea lango la machinjio.

Tuliporudi kilabuni nilisimama mbele ya wale wanawake saba kuomba radhi. Machozi yakaja yenyewe. Niliwaambia kwamba mkono wangu wa uvivu ungewanyang'anya riziki, na nilikuwa nimeona fahari kwa hilo.

Shangazi aliushika ule mkono, ukiwa bado na matope.

"Huu niliufundisha mimi," akasema. "Kuna mahali nilisahau kukwambia usimimine."

Kibuyu changu kilikuwa palepale kwenye benchi, povu limeshatulia. Alimwaga ile pito, akachota nyingine, akainua kata juu kupita kichwa chake. Akaimimina yote, hadi povu likafurika likaniosha vidole.