Theluji ya Pamba

Bhoke alipofika kijitoni Mbalibali na kuwakuta vijana wamejipanga ng'ambo zote mbili, rungu mikononi, kitu cha kwanza kumjia akilini hakikuwa damu. Ilikuwa pamba. Mwenyewe aliona aibu. Mwanawe wa pekee, Godwin, alikuwa mstari wa mbele, na yeye mama mtu mzima anakumbuka mchezo wa kuigiza wa shule.

Lakini angefanyaje? Mtu aliyesimama ng'ambo ya pili, ameegemea fimbo ya kuchungia, alikuwa Tomaso, mtoto wa baba yake mkubwa. Ndiye aliyekuwa Mfalme Stefano katika mchezo ule.

Mwalimu Filemoni, aliyewafundisha historia Mugumu, aliipenda hadithi ile kupita zote. Mfalme Henri wa Uingereza alifiwa na mwanawe baharini, akabaki na binti, Matilda. Akawaapisha wakubwa wa nchi kwamba akifa kiti ni cha binti. Stefano, binamu yake Matilda, aliapa pamoja na wenzake. Mfalme alipofumba macho, Stefano huyo huyo akakimbilia London akavaa taji. Kisha vita, miaka na miaka, huyu kamkamata huyu, yule kamfukuza yule.

Darasa zima lilishangaa. Kwani mke wa mfalme alishindwa nini kuoa msichana, aizalie nyumba yake mtoto wa kiume, kama wafanyavyo Wakurya? Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Akasema Wazungu hawakuijua nyumba ntobhu. Tomaso, kwa sauti nzito, akajibu kwamba basi walistahili kupigana.

Wakaiigiza uwanjani. Bhoke alikuwa Matilda, mwenye kanzu nyeupe ya fundi cherehani, baba wa mwanafunzi mwenzao Athuman, maana Matilda alipozingirwa Oxford alitoroka amevaa nguo nyeupe juu ya theluji. Theluji wangeitoa wapi? Kila mwanafunzi alileta pamba kutoka kwao, wakaimwaga kuanzia golini hadi katikati ya uwanja. Uwanja ukapendeza, wazazi wakapiga makofi. Bhoke alikuwa ananyata vizuri kabisa pale mbuzi wa mkuu wa shule walipozinusa mbegu zilizokuwa ndani ya pamba. Waliila theluji yote. Wafalme, askari na watazamaji walifukuza mbuzi hadi jua likazama, na onyesho la mwisho, la mapatano, halikuchezwa kamwe.

Ee, siku zile! Jioni ile alirudi nyumbani na Tomaso, wanacheka njia nzima, wanatoana pamba kwenye nywele. Ni nani angemwambia kwamba wangefika hapa?

Baba yake Bhoke naye hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa katekista, hivyo mkewe kuoa mke hakutaka hata kusikia. Aliita ukoo, akawaapisha kwamba boma litakuwa la Bhoke. Tomaso aliapa wa kwanza. Ahadi ni deni, wanasema, lakini mzee alipofariki, kabla Bhoke hajafika kutoka Nyamisangura alikoolewa, ng'ombe wa Tomaso walikuwa tayari zizini. Tangu hapo ni mabaraza, matusi, mazao kuchomwa. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Na majirani wajinga walioamini ugomvi ule hautaisha walikuwa wamelima mpaka ukingoni mwa kijito.

Bhoke alilitaka boma lile. Alitaka kuzeeka karibu na makaburi ya wazazi wake, na alitaka Godwin aje kulirithi. Lakini hakulitaka kwa bei ya Godwin. Alipomwita arudi nyuma, kijana hakugeuka. Alisema babu aliapiwa.

Ndipo Tomaso alipoitupa fimbo chini. Akashuka hadi kwenye maji, peke yake, taratibu. Msimu wa mvua uliopita alimzika Vicent, mwanawe wa pekee, aliyeanguka na pikipiki. Bhoke hakwenda msibani. Sasa, akiuona mgongo ule ulivyopinda, moyo ulimuuma kwa kutokwenda.

Tomaso alinyoosha mkono juu ya maji. Sauti haikuwa nzito tena.

"Mwanangu amelala. Sina wa kumwachia kiti," alisema. "Niache nikikalie mpaka nife. Nikifa, ni cha mwanao."

Vijana walitazamana. Hawakuelewa mzee amezungumzia kiti gani. Bhoke alielewa, kwa sababu maneno hayo Tomaso aliyakariri mbele yake mwezi mzima, njiani kwenda shule na kurudi, na siku ile ya mchezo hayakupata nafasi ya kutoka. Ndivyo Stefano alivyomaliza vita, baada ya kumzika mwanawe.

"Umeyatunza miaka yote hiyo," Bhoke alisema.

"Mbuzi walinikatiza, dada."

Bhoke alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alimwambia Godwin aweke rungu chini, na safari hii Godwin aliliweka. Kisha Bhoke akavua viatu, akakusanya pindo la gauni, akaingia majini. Maji yalikuwa baridi. Ng'ambo, Tomaso alikuwa bado amenyoosha mkono, kama mwalimu alivyowafundisha.