Delmar na Kona ya Tatu

Wapo wanaosema mbio hizi ni upuuzi, magari zaidi ya thelathini kuzunguka mahali pamoja kama ngamia wa kinu. Waache waseme. Hawajawahi kufungwa mikanda ndani ya gari lile, kiti kimekubana kichwa huku na huku, huwezi kugeuka kulia wala kushoto. Dereva anaona mbele, anaona nyuma kwa kioo kidogo, basi. Aliye ubavuni mwake hamwoni. Anayemwona ni mtu aliyesimama juu ya paa la jukwaa na redio mkononi, na mtu huyo akisema "wazi," dereva anapeleka gari na roho yake mahali ambapo yeye mwenyewe hapaoni.

Kwa Royce Tolliver, mtu huyo alikuwa mjomba wake, Delmar Quesenberry. Delmar alikuwa ametimiza miaka thelathini juu ya mapaa, kumi na mmoja ya mwisho akimwongoza Royce, mtoto wa dada yake Norma. Katika viwanja vyote vya milima ile ya Virginia na Carolina palikuwa na msemo: Delmar akisema wazi, ni wazi. Hata mahasimu waliukubali.

Jumapili ile ya Oktoba, kwenye uwanja mfupi wa Pine Hollow, Delmar alipanda ngazi za chuma kwenda juu ya paa akijua jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Kona ya tatu alikuwa haioni.

Si kwamba alikuwa kipofu. Katikati ya macho yake palikuwa pameingia doa, kama mtu amebonyeza kidole chenye masizi kwenye kioo. Vya pembeni aliviona. Kile alichokikazia macho ndicho kilichopotea. Daktari alimweleza tangu Machi kwamba doa hilo halina dawa wala upasuaji. Delmar akarudi nyumbani, akamwambia Norma amepewa matone ya macho.

Mnashangaa? Jaribuni nyinyi kushushwa kutoka kazi pekee mnayoijua, ndipo mshangae.

Kona za karibu alizimudu kwa kutazama kando kando. Kona ya tatu, iliyokuwa mbali kabisa na jua la alasiri likiipiga, aliibahatisha. Aliujua mlio wa injini ya Royce kati ya milio yote. Aliona nani ametoka naye kona ya pili, akahesabu moyoni, kisha akasema. Ubaya wa kubahatisha ni kwamba mara nyingi mtu hupatia, akajiona bado mjuzi.

Aprili hakupatia. Ilikuwa kwenye uwanja mwingine, mizunguko ishirini imebaki. Alimwambia Royce "wazi," Royce akapanda juu kuelekea ukutani, na pale juu alikuwepo Wendell Akers, kijana mpole wa kaunti ya jirani, amekwenda zake kwenye njia yake. Magari yakaumana. Royce akaugonga ukuta kwa pua ya gari, mkono ukavunjika, akakaa nje miezi miwili. Siku ile kwenye redio, kabla hata moshi haujatulia, aliuliza kwa sauti ya maumivu, "Mjomba, yule alitokea wapi?"

Na Delmar akajibu, "Alikuja mwenyewe. Amekuingia."

Maneno matatu, manne. Heri angejikwaa kidole. Picha za televisheni zilionyesha magari mawili yakikutana tu. Nani alimfuata mwenzake, kila mtu aliona alichotaka kuona. Lakini redio ya Royce ilisikika na wote, kwa sababu watu jukwaani hukodi vipaza vya masikioni na kuwasikiliza madereva kama jirani anayesikiliza ugomvi ukutani. Wote walimsikia Delmar akisema wazi. Hukumu ikapita hapo hapo: Wendell ndiye mkosaji.

Sasa, kwenye viwanja vifupi dawa ya deni ni kulipa. Aliyekutupa ukutani utamtupa, leo au mwakani, na hakuna atakayekulaumu. Mapastori wenyewe hukohoa na kutazama pembeni. Pine Hollow ulikuwa uwanja wa kwanza mfupi tangu mkono wa Royce upone. Kila aliyeingia getini alijua kilichomleta.

Asubuhi, Delmar alikuwa ameketi kwenye kibanda nyuma ya magari akila mkate wa soseji ya kukaanga, akaja Wendell. Alisimama, kofia mkononi.

"Mzee Delmar. Samahani nakukatisha chakula."

"Kaa, kijana."

"Sikai. Ile ajali nimeitazama mara mia. Mimi naona niliunyoosha usukani. Lakini kama wewe ulisema wazi, basi nilikosea mimi. Royce hataki kuniona. Naomba umfikishie samahani yangu."

Delmar aliuweka mkate chini. Alikunywa chai baridi yote ya bilauri.

"Nitamwambia," akasema. Hakumwambia.

Bendera ya kijani ilipopepea saa nane, wasemaji wote, waongozaji kama Delmar, walikuwa wamepangana ukingoni mwa paa bega kwa bega, kila mmoja akimnong'onezea dereva wake. Huko juu hakuna kuchagua jirani. Kushoto kwa Delmar alisimama Boyd Akers, kaka yake Wendell na macho yake, shati limefumuka kwapani, shavu limejaa tumbaku.

"Leo umevaa miwani myeusi, Delmar. Umekuwa nyota wa sinema?"

"Nawaficheni uzuri wangu. Mtashindwa kufanya kazi."

Boyd akacheka, akatema kwenye kopo lake. Huo ndio uliokuwa utani wao miaka yote.

Mbio zilikuwa za mizunguko mia nne, na mzunguko mmoja haumalizi Baba Yetu. Moshi wa matairi ulipanda hadi miguuni mwao. Royce aliendesha vizuri, kwa subira mbaya. Alipita mmoja, akapita mwingine, hana haraka na yeyote isipokuwa gari moja la buluu, la Wendell, mbele kabisa.

"Ndani... bado ndani... mlangoni mwako... wazi," alisema Delmar, akaona jasho linamtiririka mgongoni hali upepo ulikuwa wa baridi. Kila kona ya tatu ilipofika alihesabu, akasema, akangoja kusikia kishindo. Hakikuja. Akashukuru Mungu, kisha akajiona mnafiki kwa kumshukuru.

Ikabaki mizunguko thelathini, gari moja likapasua tairi, bendera ya njano ikatoka. Magari yakajipanga polepole. Wendell wa kwanza, Royce wa pili. Jukwaa zima likasimama na kuanza kupiga kelele.

Wakati wa bendera ya njano ndipo wasemaji huzungumza, hupelekeana ujumbe wa madereva wao. Boyd alivua kipaza sikio kimoja, akamsogelea Delmar. Hakuwa na utani tena.

"Delmar. Atafanya?"

"Wajua atafanya."

Boyd akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. "Sikuombi umzuie. Haki yake. Nilimwambia Wendell tangu siku ile, nikamwambia, ulisinzia wewe, Delmar hakosei. Aligoma kukubali, tukagombana, mke wake akanitoa nyumbani. Sasa ameshakubali." Akatema, akakosa kopo. "Ombi langu moja. Mwambie Royce amlipe kwenye kona. Asimlipe kwenye mnyoofu, kwenye kasi. Kwenye kona litaumia gari tu."

Delmar aliinamisha kichwa. Boyd akamgusa mkono kwa shukrani, akafikiri amekubaliwa, akarudi mahali pake.

Hapo ndipo aibu ilipomshika mzee yule, aibu yenyewe hasa, ya kutaka paa lipasuke limmeze. Mtu alikuwa amemhukumu ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya neno lake. Na hakuwa anaomba ndugu yake asiumizwe. Alikuwa anaomba aumizwe kwa adabu.

Bendera ya kijani. Wendell akaruka mbele, Royce nyuma yake, bampa kwa bampa. Mizunguko ishirini. Kumi na tano. Royce angeweza kumsukuma kidogo na kupita, jambo linaloruhusiwa na linalopendwa. Hakufanya hivyo. Alikuwa anamsogeza taratibu hadi mwisho, deni lionekane na wote.

"Mjomba," sauti ya Royce ikaja, tulivu. "Nyuma yangu kuna mtu?"

"Hakuna. Mko wawili tu."

"Vizuri. Mzunguko wa mwisho, kona ya tatu. Wewe niambie tu nikiwa wazi."

Kona ya tatu. Si angechagua nyingine!

Delmar alikaza macho kule, doa likakaza naye. Palikuwa na mng'ao na kitu cheusi katikati. Yeye alitakiwa amfungulie mpwa wake mlango wa kumtupa mtu asiye na kosa, mahali ambapo hakupaona, kwa uongo aliousema mwenyewe. Alifikiria kuzima redio na kusema imeharibika. Alifikiria kwa kweli, kidole kilishafika kwenye swichi. Halafu akamfikiria Wendell amesimama na kofia mkononi, anaomba radhi.

Mizunguko mitatu. Akabonyeza kitufe cha kusema.

"Royce."

"Sema."

"Usimguse Wendell."

"Mjomba, usianze. Hili tulishalimaliza."

"Aprili hakukosa yeye. Nilikosa mimi. Nilikuambia wazi na sikuona kitu. Alikuwepo pale, kwenye njia yake. Wewe ndiye uliyemwingia, kwa neno langu."

Chini jukwaani, mtu mmoja aliyekuwa na kipaza masikioni aligeuka, akatazama juu ya paa. Akageuka wa pili. Wakageuka safu nzima.

"Rudia," Royce akasema.

"Kona ya tatu siioni, mwanangu. Macho yangu yameingia doa tangu Machi. Siioni kabisa."

Bendera nyeupe. Mzunguko wa mwisho. Kona ya kwanza, ya pili, magari mawili yameshikana kama yamefungwa kamba. Delmar aliondoa kidole kwenye kitufe. Yakaingia kwenye mnyoofu wa mbali, yakaingia kwenye mng'ao, yakapotea.

Akafumba macho akasikiliza. Kati ya makelele yote ya dunia aliitafuta injini moja. Akaisikia ikipanda, ikipanda, kisha mguu ukaondoka kwenye mafuta. Nukta moja tu. Mlio ukashuka, ukapanda tena.

Wendell Akers alishinda kwa urefu wa gari moja. Nusu ya jukwaa ilishangilia, nusu ilizomea, na wengi walikaa tu na vipaza masikioni wasijue wafanye nini.

Royce aliendesha mzunguko mzima wa kupoza injini. Kisha: "Mjomba."

"Nipo."

"Leo umeniambia wazi mara ngapi kule?"

"Sikuhesabu."

"Hesabu sasa."

Delmar akahesabu. "Arobaini. Labda zaidi."

"Na nikaenda kila mara."

"Ulienda."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Shuka huko juu," Royce akasema. "Shuka. Usipande tena."

Delmar alivua vipaza, akavikunja waya, akaviweka mfukoni. Wasemaji wengine walimpita kuelekea ngazi, wengine wakimgusa begani, wengine wakijitenga naye. Boyd alibaki amesimama.

"Miezi sita," Boyd akasema. "Miezi sita nimemwita mdogo wangu mwongo."

"Najua, Boyd."

"Hujui chochote! Sikumwona mtoto wake akibatizwa!"

Boyd aliokota kopo lake na koti lake, akashuka, viatu vikigonga chuma hadi vikanyamaza.

Jua lilikuwa limeingia nyuma ya jukwaa na ngazi zile zilikuwa gizani. Delmar alisimama kwenye ukingo wa ngazi ya kwanza akizitazama, na kadiri alivyozitazama ndivyo zilivyopotea. Kila wiki alizishuka katikati ya wenzake, bega hili mbele, bega lile nyuma. Leo hakuwa na mtu. Akapapasa kwa mguu, hakugusa kitu, akaurudisha.

Viatu vikasikika vikipanda. Vikasimama ngazi mbili chini yake.

"Shika bega langu," Boyd akasema.

"Boyd..."

"Sijakusamehe. Shika bega."

Akalishika. Wakaanza kushuka, Boyd mbele akitaja kila hatua kwa sauti kavu ya kazini: ngazi, ngazi, ngazi, geuka kulia, ngazi. Delmar alimfuata mguu kwa mguu. Chini kulikuwa na watu wamesimama, vivuli viwili vya wanaume waliovaa nguo za mbio, mmoja wa buluu. Nyuso zao hakuziona, na hakujua wanamsubiri kwa lipi.

Boyd akasimama. "Ngazi zimekwisha. Mbele yako wazi."

Delmar alilisema neno hilo maisha yake yote, na hakuwahi hata siku moja kuambiwa yeye. Aliliachia bega la Boyd, akapeleka mguu.